Mpaka Hausomwi Mezani

Swali la kugawanywa kwa Afrika halikosekani katika mitihani ya historia, na majibu ya watahiniwa wengi hufanana kama shilingi kwa ya pili. Wakubwa wa Ulaya walikutana Berlin mwezi Novemba 1884, wakatandaza ramani mezani, wakashika rula na penseli, na walipoinuka mwezi Februari 1885 bara zima lilikuwa limekwisha kukatwa vipande. Kwa upande wa mpaka wetu wa kaskazini jibu hilo si sahihi. Mkutano wa Berlin uliweka kanuni za wakubwa hao kunyang'anyana bila kupigana wao kwa wao. Mstari unaotutenga na ndugu zetu wa Kenya ulikuja zaidi ya mwaka mmoja na nusu baadaye, nao ulitokana na barua zilizoandikwa baina ya serikali ya Uingereza na serikali ya Ujerumani.

Nimeona vema niandike juu ya mpaka huo katika gazeti hili la wanafunzi wa zamani kwa sababu mbili. Kwanza, historia yake ni nzuri kwa wale walioko madarasani hivi sasa, maana inaonyesha jinsi karatasi moja inavyoweza kutawala maisha ya watu kwa zaidi ya miaka mia. Pili, vijana wetu wa kidato cha sita watakapofika vyuo vikuu watapelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo, ambayo wao wenyewe huyaita fildi. Mimi ni mtumishi wa serikali na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapokea vijana hao. Naamini kwamba mpakani ni mahali pa kujifunzia ambapo hatujapatumia ipasavyo. Mambo haya mawili yanahusiana, kama nitakavyojaribu kueleza.

MSTARI WA WATU WASIOFIKA

Makubaliano ya tarehe 1 Novemba 1886 yaliueleza mpaka kwa maneno machache sana. Uanzie kwenye mdomo wa Mto Umba, karibu na Vanga. Uende moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, upite kando ya ziwa upande wa mashariki na kaskazini, uvuke Mto Lumi. Upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, uzunguke chini ya Mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha unyooke mpaka ufukwe wa mashariki wa Ziwa Viktoria, mahali ambapo digrii moja kusini ya Ikweta inakata ziwa. Basi, ndivyo ulivyokwisha. Katika kipande hicho cha mwisho, ambacho ndicho kirefu kupita vyote na ambacho kinapita katika nchi ya Wamaasai na Wakuria, hapakutajwa mto, wala kilima, wala kisima, wala boma hata moja.

Wapo wanaosimulia hadi leo kwamba mstari ulipinda pale Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Mfalme Wilhelm wa Ujerumani, mlima huo kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi hii ni tamu lakini haikubaliani na tarehe. Mjukuu wa Malkia, Wilhelm wa Pili, alishika utawala mwezi Juni 1888. Mwaka 1886, mlima ulipowekwa upande wa Wajerumani, aliyekuwa akitawala ni babu yake upande wa baba, Wilhelm wa Kwanza, aliyefariki mwezi Machi 1888. Mjukuu hakuwa na kiti bado cha kupewa mlima.

Sababu ya kweli ni ya mikataba ya ujanja. Mwingereza Harry Johnston alifika Kilimanjaro na Taveta mwaka 1884, akapata karatasi zake. Mwaka 1885 akaja Mjerumani Karl Jühlke, wakala wa kampuni ya wakoloni, naye akapata karatasi yake kwa Mangi Rindi wa Moshi. Wakubwa walipokaa kupatana, kila mmoja alitoa alichokuwa nacho mfukoni. Wajerumani wakachukua mlima, Waingereza wakabaki na Taveta. Mpaka ukapinda. Hakuna aliyewauliza Wataveta na Wachaga, ambao walikuwa wakiuziana mazao katika masoko yao kabla ya Johnston na Jühlke kuzaliwa.

Mwaka 1890, tarehe 1 Julai, nchi hizo mbili zilitia saini mkataba mwingine ulioendeleza mstari kuvuka Ziwa Viktoria kwa digrii ile ile moja, hadi kwenye mpaka wa Kongo. Hapo likatokea jambo la kuchekesha kama lisingekuwa la kusikitisha. Waingereza walitaka Mlima Mfumbiro uwe wao. Hakuna kati ya waliotia saini aliyejua kwa uhakika mlima huo uko wapi, kwa hiyo mkataba ukasema kwamba ukionekana uko kusini ya mstari, basi mstari uupinde kuuacha nje ya eneo la Wajerumani. Nchi ilitolewa kwanza, ikatafutwa baadaye. Ubishi juu ya milima hiyo, ambayo leo iko mahali ambapo Rwanda, Uganda na Kongo zinakutana, haukupata ufumbuzi mpaka mataifa ya Ulaya yalipokutana Brussels mwaka 1910. Lord Salisbury, Waziri Mkuu wa Uingereza aliyesimamia mambo haya, alipata kutania mbele ya watu kwamba wao walikuwa wakigawiana milima, mito na maziwa, na kizuizi chao kilikuwa kimoja tu, yaani kutojua iliko.

Mkataba huo huo wa 1890 ndio uliosema kwamba mpaka katika Ziwa Nyasa ufuate ufuko wa nchi yetu, na kwa hiyo maji yawe ya upande wa pili. Mtu anayeishi Liuli au Mbamba Bay huchota maji ya ziwa, huvua samaki na huoga humo kila siku. Aliyeandika mstari ule hakuwa na habari ya mtu huyo. Ubishi wa Tanzania na Malawi ulipata nguvu mwaka 1967, na karatasi ya 1890 ingali inatajwa kila mazungumzo yanapoanza.

WALIOTUMWA KUTAFUTA MSTARI

Baada ya mpaka kuandikwa, ilibidi watu watumwe kuutafuta ardhini. Mwaka 1892 tume ya Mwingereza na Mjerumani ilipima kutoka pwani kuelekea Kilimanjaro, na kwa upande wa Wajerumani mkubwa wake alikuwa Carl Peters, yule ambaye jina lake halina sifa njema katika historia yetu. Kati ya mwaka 1904 na 1906 tume nyingine ya pamoja ilipima kipande kile kirefu kutoka Ziwa Viktoria hadi Kilimanjaro. Miaka kama ishirini ilikuwa imepita tangu mstari uandikwe.

Wapimaji hao walikuta mambo ambayo hayakuwamo katika barua. Walikuta mito isiyo na maji wakati wa kiangazi, njia za mifugo zilizokwenda kaskazini na kusini kufuata mvua, na watu ambao kaka alikaa upande mmoja na mdogo wake upande wa pili. Lakini kazi yao haikuwa kuuliza kama mstari unafaa. Kazi yao ilikuwa kuusimika. Wakajenga bikoni, wakaandika daftari zao, wakaondoka.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Aliyeandika mpaka hakuufika, na aliyeufika hakuruhusiwa kuuliza. Elimu ya mpaka ikagawanyika tangu mwanzo. Ramani ikakaa mjini, na ujuzi wa kweli ukabaki kwa mchungaji, mvuvi na mama wa sokoni. Hadi leo sehemu hizo mbili hazijakutana sawasawa.

GHARAMA YAKE

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walitawala pande zote mbili za mstari, na ukali wake ukapungua. Ushuru wa forodha uliunganishwa, posta na reli zikaja kuendeshwa pamoja. Tulipopata uhuru tulikuta mpaka uliolala. Viongozi wa Afrika walipokutana Cairo mwezi Julai 1964 walikubaliana kuiheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru, isipokuwa Somalia na Moroko ambazo hazikuridhika. Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele katika azimio hilo. Alijua vizuri kwamba mipaka hiyo haikuwa na akili, lakini alijua pia kwamba kuanza kuisahihisha moja moja kungeleta vita visivyokwisha. Busara hiyo imetusaidia. Lakini kuuheshimu mpaka ni jambo moja, na kuufahamu ni jambo jingine.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977, na mwezi Februari mwaka huo mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa mpaka mwezi Novemba 1983. Wale wetu wenye umri watakumbuka maisha ya miaka hiyo. Sabuni, dawa ya meno na mafuta ya kula vilipita kwa njia za panya. Magendo yakawa ndiyo biashara, na mpita njia wa kawaida aliyekwenda kumwona shangazi yake Taveta akawa mhalifu kwa mujibu wa sheria. Mpaka ulifungwa kwenye karatasi, lakini watu waliendelea kupita, na serikali zote mbili zilipoteza ushuru.

Upande wa magharibi gharama ilikuwa ya damu. Ile digrii moja ya mwaka 1890 iliacha kipande cha ardhi yetu kaskazini ya Mto Kagera, kati ya mto na mstari. Machoni pa mwanajeshi mto ni kizuizi, mstari wa ramani si kitu. Iddi Amin alipoivamia nchi yetu mwishoni mwa mwaka 1978 alitangaza kwamba amelichukua eneo hilo lote hadi mtoni. Wananchi wa Mutukula, Kyaka na Minziro waliuawa, wakatekwa na kuporwa. Vita hiyo iliendelea hadi mwaka 1979, na Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Mstari uliochorwa na watu wasioiona Kagera ulikuja kulipiwa na vijana wetu miaka karibu tisini baadaye.

Wala mambo hayo hayakwisha na karne iliyopita. Mwaka 2017 ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji kutoka Kenya walikamatwa upande wetu na kupigwa mnada, na vifaranga 6,400 vilivyoingizwa vikachomwa moto Namanga. Mwezi Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Kenya ilifunga mpaka wake nasi isipokuwa kwa magari ya mizigo, na madereva wakakwama katika foleni ndefu wakisubiri vipimo. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa kisa cha sumukuvu, na siku chache baadaye ikaregeza zuio hilo kwa masharti. Sitaki kuingia katika ubishi wa nani alikuwa na haki katika kila kisa, maana kila serikali ilikuwa na sheria yake mkononi. Ninachouliza ni kimoja tu. Kabla ya amri kutolewa, ni nani aliyekuwa na hesabu ya watu watakaoumia, njia wanazotumia, na mahali watakapohamishia biashara yao? Hesabu kama hiyo haiokotwi siku ya dharura. Hukusanywa pole pole, mwaka hata mwaka, na watu wenye muda wa kuuliza.

VIJANA WA MWAKA 1968

Watu wenye muda wa kuuliza ni wanafunzi. Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, idara ya historia ilianza utafiti wa Vita vya Maji Maji. Wakuu wa kazi hiyo walikuwa Gilbert Gwassa na John Iliffe. Lakini waliotoka kwenda vijijini walikuwa pia wanafunzi wa shahada ya kwanza, vijana wa umri wa watoto wetu, waliokwenda katika wilaya zilizopigana vita hiyo kuwauliza wazee.

Tafadhali tazama hesabu ya miaka. Vita ilianza mwaka 1905. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini alipoiona, mwaka 1968 alikuwa na miaka themanini na zaidi. Kama wanafunzi wale wangechelewa kwa miaka kumi tu, wengi wa wazee hao wangekuwa wamekwenda na habari zao. Kabla ya hapo mtu aliyetaka kuandika juu ya Maji Maji alitegemea sana majalada ya Wajerumani, yaani maneno ya aliyeshinda. Wanafunzi walirudi na maneno ya mkulima aliyelazimishwa kulima pamba, na jinsi habari ya maji ilivyopita kwa kunong'onezwa kutoka kijiji hadi kijiji. Karatasi zao zilikusanywa mwaka 1969, na wanahistoria wakubwa wa nje na ndani wanazitumia mpaka leo.

Kwa hiyo tusidharau kazi ya mwanafunzi. Akipewa swali zuri, msimamizi makini na muda wa kutosha, anaweza kuleta kitu ambacho taifa zima halina.

MFANO WA BELLINGHAM

Upande wa mipaka nimevutiwa na mfano mmoja wa mbali. Katika jimbo la Washington, kaskazini magharibi ya Marekani, kuna mji uitwao Bellingham, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka mpaka wa Kanada. Chuo Kikuu cha Western Washington kilichoko hapo kilianzisha mwaka 2005 taasisi ya kuchunguza sera za mpaka. Wanafunzi wa shahada ya kwanza hufanya kazi katika taasisi hiyo, na kazi hiyo huhesabiwa katika masomo yao kama somo jingine lolote.

Mpaka wao nao una historia inayofanana na yetu kuliko mtu angedhani. Ni mstari ulionyooka wa digrii 49 kaskazini, uliokubaliwa kati ya Marekani na Uingereza mwaka 1818 hadi kwenye milima ya Rocky, na mwaka 1846 ukaendelezwa hadi bahari ya Pasifiki. Waliouchora hawakuona kwamba karibu na pwani ungekata ncha ya rasi moja, ikabaki Marekani bila kuungana na Marekani kwa nchi kavu. Mahali hapo panaitwa Point Roberts. Watoto wakubwa wa huko, ili wafike shuleni katika mji wa Blaine, hupanda basi na kuvuka mpaka mara mbili asubuhi na mara mbili jioni. Mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona mwezi Machi 2020, wenyeji wa Point Roberts walijikuta kama wako kisiwani.

Mkataba ule wa 1846 haukueleza vizuri ni mkondo upi wa bahari ungekuwa mpaka kati ya visiwa vya San Juan. Mwaka 1859 Mmarekani mmoja alimpiga risasi nguruwe wa kampuni ya Kiingereza aliyekuwa akila viazi vyake, na majeshi ya nchi mbili yakaletwa kisiwani. Kwa bahati hakuna mtu aliyeuawa. Ubishi ulimalizwa mwaka 1872 kwa hukumu ya mwamuzi, naye mwamuzi huyo hakuwa mwingine ila Wilhelm wa Kwanza wa Ujerumani, yule yule ambaye miaka kumi na minne baadaye serikali yake iligawana Kilimanjaro na Taveta na Waingereza. Huko aliombwa ahukumu, na pande zote mbili zikaleta hoja zao. Huku kwetu alikuwa mdai, na wenye nchi hawakuitwa.

Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 ukaguzi katika mpaka wa Marekani na Kanada uliongezwa sana. Foleni zikarefuka, wafanyabiashara wa pande zote wakalalamika, na kila mmoja alikuwa na maoni lakini wachache walikuwa na takwimu. Kazi ya taasisi ile imekuwa kutafuta takwimu. Wanafunzi wa chuo hicho wamepata kusimama kwenye foleni za magari na karatasi za maswali, wakiwauliza wasafiri wanatoka wapi, wanakwenda wapi, kwa shughuli gani, na huvuka mara ngapi kwa mwezi. Kazi hiyo ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Majibu yake huwafikia wale wanaopanga idadi ya madirisha ya ukaguzi na njia maalumu za wasafiri wanaojulikana.

Siupendi mfano huu kwa sababu ya fedha za Wamarekani. Ninaupenda kwa sababu ya lile neno "kuhesabiwa". Kazi ikihesabiwa katika shahada, inakuwa na masharti. Lazima mwanafunzi awe na swali kabla ya kuondoka. Lazima awepo mtu chuoni na mtu kazini wanaomsimamia. Lazima aandike ripoti, isahihishwe, ipewe maksi, na akifanya vibaya ashindwe kama anavyoshindwa mtihani. Masharti hayo humlinda mwanafunzi asipotezewe muda, na humlinda pia mwajiri asiletewe mzigo.

FILDI YETU

Vyuo vyetu vina mafunzo kwa vitendo, na mengi yake huhesabiwa. Wazo la kuunganisha kazi na masomo tunalo tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Utaratibu huo wa Musoma uliachwa baadaye, lakini roho yake ilikuwa njema.

Tatizo letu ni jinsi fildi inavyofanyika. Kijana huzunguka mjini na barua yake ya chuo akiomba kupokelewa popote. Akipata ofisi hupewa kiti pembeni, kisha hutumwa kutoa fotokopi, kupanga majalada na kununua vocha. Nimeona ofisi moja ambako vijana sita walikaa chumba kimoja kwa wiki nane wakisoma magazeti, na mwisho wote wakagongewa muhuri kwamba wamefuzu vizuri. Vijana hawa si wavivu. Hakuna aliyewapa swali.

Sasa tuitazame mipaka yetu. Kwa upande wa Kenya peke yake tuna Horohoro, Holili, Tarakea, Namanga na Sirari. Namanga kuna Kituo cha Huduma kwa Pamoja, kilichofunguliwa rasmi mwezi Desemba 2018 na Marais wa nchi zote mbili. Maofisa wa nchi mbili hukaa katika jengo moja, na msafiri hugongewa ya kutoka na ya kuingia mahali pamoja badala ya kusimama mara mbili. Jumuiya yetu, iliyohuishwa kwa mkataba wa mwaka 1999, ina nchi wanachama nane hivi leo. Ina Umoja wa Forodha tangu 2005 na Soko la Pamoja tangu 2010. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, anaweza kupata hati rahisi ya uasili pale pale mpakani akapita bila ushuru wa forodha.

Hebu tumpe mwanafunzi wa uchumi swali hili. Kama hati hiyo ipo, kwa nini mama mwenye kapu la nyanya bado anapita njia ya panya? Je, hajui? Je, anaogopa sare? Je, kuna gharama nyingine zisizoandikwa ukutani? Au njia ya panya ni fupi tu kwenda sokoni? Majibu hayo manne yana tiba nne tofauti. Ofisi ikikosea jibu itatumia fedha nyingi kubandika matangazo kwa watu ambao shida yao ni umbali.

Mwanafunzi wa usafirishaji ahesabu lori la vitunguu linakaa saa ngapi tangu lifike hadi liondoke, na katika saa hizo ni zipi za nyaraka, zipi za vipimo, na zipi za dereva kumsubiri wakala. Mwanafunzi wa sheria aandike ni migogoro gani ya malisho inamalizwa na wazee wa Kimaasai wa pande zote bila kufika mahakamani. Mwanafunzi wa historia, na hapa nasema kwa upendeleo, awafuate wazee wanaokumbuka mpaka ulipofungwa mwaka 1977 na ulipofunguliwa 1983. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1977 leo amekaribia sabini. Hesabu ile ya wazee wa Maji Maji imeturudia.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni usalama. Mpaka ni mahali nyeti, na kijana anayeuliza maswali anaweza kudhaniwa jasusi. Ni kweli, na ndiyo maana asiende peke yake na barua ya jumla. Awe na kibali, atambulishwe kwa mkuu wa kituo na kwa uongozi wa kijiji, na aambiwe wazi yapi si ya kuulizwa. Ya pili ni fedha za kujikimu. Hili ni gumu zaidi, lakini vijana wengi kwao ni huko huko mipakani. Mtoto wa Rombo, Tarime au Longido akifanya fildi karibu na nyumbani, ana mahali pa kulala na ana lugha ya wenyeji. Wanafunzi wa Maji Maji walitusaidia kwa sababu waliwaelewa wazee waliowauliza.

Pingamizi ya tatu haisemwi kwa sauti. Wakubwa wengine maofisini wanaogopa ripoti ya mwanafunzi isije ikaonyesha udhaifu wa idara. Kwa hao nasema kwamba udhaifu unaojulikana ndani ya kituo ni nafuu kuliko ule unaoibuka siku ya mgogoro, mbele ya nchi jirani, wakati magari mia yamesimama na hakuna ajuaye la kufanya.

KWA WADOGO ZETU NA WENZETU

Enyi wadogo zetu mlioko madarasani, mtakapofika chuo msisubiri kupangiwa. Andaeni swali lenu mapema, liwe dogo na lijibike kwa wiki nane. Jifunzeni kuhesabu na kuandika safi, maana ripoti isiyosomeka ni sawa na isiyoandikwa. Na mkifika mpakani, msalimieni kwanza mchungaji na mama wa sokoni kabla ya kufungua daftari. Wao ndio wenye elimu hiyo, nanyi mmekuja kwao kuazima.

Kwa wenzetu wanafunzi wa zamani, wengi wetu tumo katika forodha, uhamiaji, halmashauri za wilaya, vyuo na vyama vya wasafirishaji. Tukubaliane kila mmoja ampokee kijana mmoja kwa mwaka, tena kwa swali na msimamizi, si kwa kiti tu. Chama chetu kinaweza kuwa na orodha ya ofisi hizo, na ripoti nzuri zikaletwa hapa shuleni ziwekwe maktaba, ili anayefuata aanzie pale mwenzake alipoishia.

Mpaka wetu wa kaskazini una urefu wa zaidi ya kilometa 700. Ulichorwa na watu wasioufika, ukapimwa na watu wasioruhusiwa kuuliza, na sisi tumeurithi ulivyo. Hatuwezi kuuchora upya, wala si busara kujaribu. Tunaloweza ni kuujua, na kazi hiyo inaweza kuanzwa na kijana wa mwaka wa pili mwenye daftari, kalamu na barua yenye muhuri.